Wimbo wa Kumenya Maharagwe

Maganda mabichi ya maharagwe yana harufu ya majani yaliyochanika, maji kidogo, na udongo ambao haujakauka vizuri. Juzi nilinunua fungu la maharagwe yasiyomenywa hapa sokoni Kakoba, mjini Mbarara, nikaketi kwenye kizingiti cha chumba changu na bakuli magotini. Bodaboda zilikuwa zinapita zikigombania njia, na jirani yangu alikuwa anasuka nywele za binti yake huku akimkaripia atulie. Nilipopasua ganda la kwanza, midomo yangu ikajiweka tayari kuimba. Ikangoja. Hakuna kilichotoka, na mimi nikabaki na ganda mkononi kama mtu aliyesahau alikuwa anakwenda wapi.

Sisi tuliofika kambi ya wakimbizi ya Nakivale tukiwa mgongoni mwa mama zetu tuna kumbukumbu za kuazima. Safari tunaijua kwa kuhadithiwa, na waliotuhadithia walikuwa wanachagua. Kwetu walichagua sana. Nilijua tumetoka Kongo, milimani juu ya Uvira, nilijua babu alikuwa na migomba, na nilijua kulikuwa na mto wa maji baridi. Basi. Nikiuliza zaidi, baba alikohoa, akachukua mfuko wake wa bisibisi na kurudi Kashojwa kwenye kibanda chake cha kutengeneza redio na simu. Mama naye alikwenda kufunua chungu ambacho hakikuwa na haja ya kufunuliwa.

Tulikaa Rubondo, upande mmoja wa kambi, kwenye nyumba ya udongo yenye shamba dogo nyuma. Maharagwe yalipokomaa, mama aliketi kivulini upande wa jikoni, miguu kainyosha, ungo mapajani, na hapo ndipo alipoimba. Ninaposema aliimba sijui kama nasema kweli. Ilikuwa sauti ya chini, nusu puani, yenye maneno machache ya Kifuliiru cha zamani ambayo mimi, mtoto wa Kiswahili cha kambini, sikuyaelewa. Sauti ilipanda taratibu, ikafika mahali fulani katikati, na hapo mama akafunga mdomo na kuvuta mm, mm, mm, mara tatu, kisha akaendelea. Vidole vyake havikusimama hata mara moja.

Hakuwa na wimbo mwingine. Kanisani alishika kitabu na kusogeza midomo tu. Kwa hiyo mimi, kwa akili zangu za utoto, nikajua kwamba ule ni wimbo wa kumenya maharagwe. Nilidhani kila chakula kina wimbo wake na kwamba mama alikuwa amejifunza huu mmoja tu kwa uvivu. Zile mm tatu nilizielewa pia: ni pale mtu anapohesabu punje zilizo kwenye ganda, na huwezi kuhesabu huku unasema. Nikiwa mdogo zaidi niliamini kabisa kwamba maharagwe yasipoimbiwa hayaivi. Nililala mchana pembeni ya ungo ule mara nyingi, jua likinihama miguuni polepole, na hata leo nikitaka usingizi nautafuta upande ule.

Kisha nikaenda sekondari, na huko kulikuwa na mwalimu tuliyempa jina Tatu-Moja.

Alikuwa Mnyankore mwembamba, suruali yake imekunjwa juu ya vifundo, na Kiswahili chake alikiokota utotoni kwenye kambi ya jeshi ya Mbarara alikolelewa na baba yake askari. Kabla yake ratiba yetu ilikuwa na muziki Jumatatu, ngoma Jumatano na maigizo Ijumaa. Siku yake ya kwanza aliandika maneno hayo matatu ubaoni, akayatazama, akayafuta yote kwa kiganja. "Sisi hapana soma kitu tatu," akasema. "Hii iko kitu moja. Wewe naimba, mguu yako nalala? Basi wewe bado imba." Darasa lilicheka. Yeye hakucheka. Alitutoa nje kwenye uwanja wa udongo mwekundu nyuma ya jiko la shule, na tangu siku ile hatukumaliza kipindi chake hata kimoja tukiwa na viatu visafi.

Alikuwa na namna yake ya kufundisha. Mtu hakuruhusiwa kuleta wimbo peke yake. Ukileta wimbo, anauliza: anayeuimba amesimama au ameketi, mikono yake iko wapi, na nini kilimpata hata akaimba? Kama hujui, unarudi nyumbani kuuliza. Msichana mmoja wa Kirundi alirudishwa kwao mara mbili kwa sababu ya wimbo wa kutwanga, maana alikuwa anatwanga kwa mkono usio wa wimbo ule. Sisi tulilalamika kwamba masomo ya shule yamegeuka kazi za nyumbani. Kumbe ndiyo ilikuwa nia yake.

Muhula ule shule ilialikwa kwenye mashindano ya Mbarara. Mimi nilikuwa sijawahi kuiona Mbarara, ingawa baba aliitaja kila wiki anapokwenda kununua vipuri. Mwalimu akasema kila mtu alete wimbo mmoja wa kwao, na wenye mwili mzuri ndio utakaokwenda. Nikauleta ule wa mama. Nilijibu maswali yote bila kigugumizi: anayeimba ameketi, miguu imenyooka, mikono inamenya maharagwe, na kilichompata ni njaa.

Wimbo ukapendwa. Sauti yangu ilikuwa nzuri, nasema bila haya, na Tatu-Moja akanipa kuongoza. Tukautengenezea ngoma: wasichana safu mbili na nyungo, wavulana wakija na debe kuomba maharagwe na kufukuzwa. Tukauongezea mwendo ili miguu ichangamke. Na zile mm tatu zikawa ndilo pambo la mchezo wote, watoto arobaini wanafunga midomo kwa pamoja na kuinua nyungo juu. Mwalimu alifumba macho kila tulipofika hapo. "Hapa," alisema, "hapa judge nakufa."

Zilikuwa zimebaki siku tisa. Kisima cha bomba la mkono kilikuwa ng'ambo ya uzio wa shule, na alasiri wanawake wa Rubondo walipanga madumu yao pale. Siku hiyo tuliimba kwa sauti yote, upepo ukivuma kuelekea kwao. Nilikuwa katikati ya ubeti wa pili nilipoona wameacha kupampu. Mmoja alivua kitambaa cha kichwa. Mwingine akakaa chini, hapo hapo kwenye tope. Halafu wakaja, saba au wanane, madumu yakibaki yenyewe kwenye foleni, na mbele yao alikuwa Mama Zawadi, jirani yetu, aliyetoka milima ileile ya mama.

"Ni nani alikufa?" akauliza.

Hatukuelewa. Mimi ndiye niliyejibu, kwa kuwa alinitazama mimi. "Hakuna mutu alikufa, mama. Tuko najifunza."

"Muko najifunza kilio?" Akatazama nyungo zetu, na debe, na mvulana aliyejichora ndevu kwa mkaa. "Ile ni wimbo ya matanga. Banaimba mutu akikufa. Na pale katikati banatia jina yake. Sasa mbona munafunga kinywa fasi ya jina?"

Mama Zawadi akashusha sauti, akanisogelea mimi peke yangu. "Ile wimbo ikikosa jina, inatafuta," akasema. "Mutoto, ulitosha wapi ile wimbo, nani alikupa?"

Nilijifanya nafunga kiatu, lakini watu wazima wana akili zao. Nilipofika nyumbani Mama Zawadi alikuwa amenitangulia na ameshaondoka. Mama alikuwa ameketi palepale kivulini. Hakunipiga. Afadhali angenipiga, ningejua nimekosa kiasi gani.

"Nani alikufundisha?" akaniuliza.

"Weye, mama. Ukiwa namenya maharage."

Akautazama ungo kama kwamba ungo ndio umesema uongo. Kisha akamenya ganda lililokuwa mkononi, na lililofuata, na lililofuata, kimya. Kesho yake kimya. Keshokutwa kimya. Nyumba ikawa na sauti nyingine ambazo sikuwahi kuzijua, bati likipasuka kwa jua, kuku akikwaruza, na baba akisafisha koo mlangoni kabla ya kuingia kwake mwenyewe. Nilikuwa naogopa mambo mawili kwa pamoja. Niliogopa kwamba wimbo ule unatafuta mtu na utamkuta baba, aliyekuwa na kikohozi. Na niliogopa kwamba nimemwibia mama kitu pekee alichokuwa anaimba, na kwamba hataimba tena.

Shuleni Tatu-Moja aliniita kando. Nilidhani atanifariji. "Wewe nachukua nguo kwa kamba ya mama," akasema, "navaa, nacheza. Hapana uliza nguo ya nani. Sasa rudi. Uliza mguu nakaa namna gani. Uliza hadithi." Nikamwambia mama hasemi. Akafikiri kidogo, akasema basi tungoje, na kwamba mama akikataa, wimbo utaachwa. Nikalia pale pale. Sikulia kwa ajili ya mama, nilililia Mbarara. Nilikuwa nimekwisha kuambiwa nitasimama mbele peke yangu na watu watanyamaza, na mtoto aliyeahidiwa jambo kama hilo haachi kirahisi.

Siku ya tano mama akaja shuleni. Alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani na amefunga kichwa kwa nguvu. Alisimama pembeni ya jiko, mikono tumboni, mpaka mwalimu alipomwona.

"Karibu, nyabo. Mimi nasikia sisi nakosea."

"Muimbe kwanza nisikie," mama akasema.

Tukaimba. Sijapata kuimba vibaya vile. Miguu iligongana, na mvulana wa debe aliondoka na debe lake kabla ya zamu. Tulipofika kwenye mm tatu hakuna aliyethubutu kuinua ungo. Mama alisikiliza hadi mwisho.

"Munaimba muzuri," akasema. "Lakini munaimba mbio, kama batu banafukuzwa. Na mumesimama. Mukae chini. Mwalimu, na weye."

Tatu-Moja akaketi kwenye vumbi jekundu, akanyosha miguu kama alivyoonyeshwa, suruali yake imekunjwa vilevile. Tukaketi wote. Mama alipita katikati yetu akitupanga, huyu amgeukie huyu, bega liguse bega, viganja viwe wazi juu ya magoti kwa sababu, alisema, mtu aliyefiwa hana cha kushika. Alimfungua kitambaa msichana mmoja, akamwonyesha namna ya kukiachilia shingoni. Alizungumza polepole na kwa uhakika, na mimi nilishangaa, maana nyumbani mama yangu alikuwa mtu wa kuuliza baba hata kama chumvi inatosha. Halafu naye akaketi, na bila kubadili sauti akatueleza.

"Nilikuwa na batoto babili. Uyu," akanielekeza kwa kidevu, "nilimubeba mugongoni. Ule mwingine alikuwa natembea, mukono yake mu mukono yangu. Alikuwa na myaka ine. Homa ikamukamata mu njia. Siku alikufa tulikuwa tumejificha mu pori, batu mingi, na wote banatuambia, musilie, mukilia banatusikia. Basi nikamuimbia kinywa kikiwa kimefungwa. Yote, mwanzo mpaka mwisho." Akafuta kitu kwenye kitenge, hakikuwepo. "Kisha tulifika huku, na kinywa ikafunguka kidogo kidogo. Ile fasi ya jina njo ilibakia."

Mimi ningependa kuwaambia kwamba nilimhurumia mama saa ile. Huruma ilikuja baadaye, na haijaisha. Saa ile nilichosikia ni kwamba mgongo ulikuwa wangu. Nilikuwa mgongoni, nimelala pengine, shavu juu ya mfupa wa bega, na ile sauti ya mdomo uliofungwa ilikuwa inapita mwilini mwa mama na kuingia kwangu. Ndiyo maana niliijua hivyo. Ndiyo maana ilinipa usingizi.

"Mtoto naitwa nani, nyabo?" mwalimu akauliza.

Mama akavuta pumzi kama mtu anayetaka kuinua dumu lililojaa. "Byamungu," akasema.

Wanawake walikuwa wamekuja tena kutoka kisimani, safari hii bila kuuliza. Walikaa nyuma yetu. Mama Zawadi ndiye aliyeanza, kwa utaratibu ambao sikuwahi kuusikia, kila neno likipewa nafasi yake ya kukaa. Mama akaingia. Kisha sisi, Wakongo na Warundi na Wanyankore wachache wa vijiji vya jirani, na tulipofika pale katikati midomo haikufungwa. Tulimtaja mara tatu. Nilisikia sauti ya Tatu-Moja kati ya zetu, nzito na isiyojua mahali pa kupumua. Mama aliangusha kichwa kwenye bega la Mama Zawadi na kulia kwa sauti kubwa, mdomo wazi, na watu wote walimwacha alie. Jua lilikuwa bado kali. Mpishi wa shule alitoka na mwiko wake, akauweka chini, akaketi mlangoni.

Baba alikuja nyumbani jioni ile na magogo mawili ya kuni, kama inavyotakiwa kwenye matanga, na hakukohoa.

Lakini kabla ya hapo, mama aliposimama kuondoka shuleni, alijipangusa vumbi akamwambia mwalimu, "Mbarara hapana. Kule banatoa alama. Mutoto wangu hawezi kupewa alama."

"Hapana, nyabo," Tatu-Moja akasema. "Hawezi."

Kwa hiyo siku nne zilizobaki tulifundishwa ngoma ya Kinyankore ya kuiga ng'ombe, mikono juu kama pembe, na tukaenda Mbarara na mifugo yetu hiyo iliyokonda. Nilitazama kila kitu kupitia mbao za lori: vilima vya Isingiro vyenye migomba, sanamu kubwa ya ng'ombe pale mjini, watu wanaotembea haraka bila kusalimiana. Ukumbini nilikuwa wa tatu kutoka kushoto, safu ya nyuma. Mikono yangu ilichoka katikati ya wimbo ikashuka. Mmoja wa majaji alitwambia kwa upole kwamba ng'ombe wetu wanahitaji kunyweshwa maji. Tulikuwa wa pili kutoka mwisho, na shule iliyokuwa ya mwisho ilichelewa kufika kwa sababu ya pancha.

Nimejaribu kuwaeleza watu kile mwalimu yule alichotufundisha, na siku hizi ninaposikia kwamba shule zimeyaweka mambo hayo matatu, muziki, ngoma na maigizo, kwenye somo moja nafurahi, lakini moyoni najua halikuwa jambo la ratiba. Wimbo wa mama ulikuwa umekaa nyumbani kwetu miaka yote ukiwa hauna miguu wala hadithi. Alipovirudisha, ukakamilika, na kitu kilichokamilika huwekwa chini. Mama hakuuimba tena, si kwa maharagwe wala kwa jambo lolote. Misimu miwili nilikaa karibu na ungo nikisubiri. Alikuwa anamenya na kupiga soga, au anaimba nyimbo za kanisani, tena vibaya, nje ya sauti kabisa, kwa raha zake. Watu wanaweza kusema nilipata kaka na hilo linatosha. Linatosha. Lakini ule wimbo nao nilikuwa naupenda, na sikuuaga.

Jioni tuliporudi kutoka mashindanoni niliingia uani nikiwa na vumbi mpaka kwenye kope. Mama alikuwa anaanua nguo. Nilimweleza yote kwa hasira: safu ya nyuma, mikono iliyoshuka, ng'ombe wenye kiu, watu walivyocheka ukumbini. Nilitaka ajue amenigharimu nini. Nikamwonyesha hata jinsi pembe zangu zilivyoanguka, moja kwanza, kisha nyingine.

Mama alinitazama na shuka mikononi. Akaanza kutetemeka mabega, na nikadhani amerudi kulia.

"Byamungu angekucheka, weye," akasema. "Ule mutoto alikuwa na kicheko mubaya. Angekufata hivi hivi mu nyumba yote, na mikono yake juu."

Nikanuna. Nikaingia ndani nikalala nimegeukia ukuta, wala sikutoka kula, kwa maana hakuna mtu anayependa kuchekwa na kaka yake.